Chokaa, Kamba na Michezo Tuliyonyimwa

Vijana wangu, juzi mmegombana barazani kwangu hapa Mtanda, Lindi, mpaka chai ikapoa. Redio ilisema miji kadhaa ya ng'ambo inashindania kupewa michezo mikubwa ya dunia, na kila mmoja wenu akashika mji wake kana kwamba kitovu chake kimezikwa huko. Mmoja akakata shauri kwa ile lugha yenu ya Dar es Salaam kwamba atakayepewa ni aliye bora, basi, hakuna cha kujadili. Mimi nikanywa chai yangu iliyopoa, sikusema neno. Sasa nasema, na kwa kuwa mna tabia ya kukumbuka safari zenu kila mzee anapofungua kinywa, nimeamua kuandika.

Nimefanya kazi ya viwanja vya michezo tangu ndevu hazijaota mpaka zimekuwa nyeupe kuliko mistari niliyochora. Nimechora Kilwa, nimechora Lindi, nimechora Nachingwea kwenye udongo mwekundu unaokunywa chokaa usishibe. Nimewaona wakubwa wakija kukagua mji, mikono nyuma, wakiinama kugusa majani wasiyoyajua jina. Kwa hiyo nikiwaambia mji hauchaguliwi kwa ubora peke yake, sisemi la kusikia. Mji wangu uliwahi kushindania michezo ya nchi jirani, enzi za Mwingereza, ukanyimwa, na mpaka leo sijasamehe wala sijaombwa msamaha.

Lakini kwanza kazi, maana mnadhani kiwanja huota chenyewe kama uyoga. Fundi wangu alikuwa Mzee Ligola, Mmwera aliyeshuka pwani ujanani akajifunza uashi wa mawe na chokaa. Boma la Kilwa Kivinje lilimweka atengeneze kuta, na kwa kuwa chokaa ilikuwa kwake, wakamtwika na mistari ya mpira. Mzee yule mpira hakuupenda hata kidogo. Alishangaa watu wazima ishirini na wawili kugombea kitu kimoja cha duara katika nchi yenye minazi yote hii. Hata hivyo mstari wake ulinyooka, na ukipinda wako alikufanya uufute kwa kiganja, si kwa ufagio.

Alinifundisha kwamba kiwanja hakianzi kwenye mstari, kinaanza kwenye kona. Unachukua kamba uliyoigawa kwa mafundo vipande kumi na viwili vilivyo sawa. Vitatu unavivuta huku, vinne kule, na vitano vilivyobaki vinakuja kufunga. Hapo kona haina ujanja, imekaa sawa. Ikikataa, alisema, mkosaji ni wewe, kamba haijawahi kumdanganya mtu. Duara la katikati ni kijiti na kamba, na unatembea kinyumenyume ukiangalia kijiti, usiangalie miguu. Duara langu la kwanza liliangalia miguu, likatoka umbo la papai. Nguzo za goli ni boriti za mikoko, kwa sababu mchwa akizionja hurudi kwao. Hayo bado ni kweli, hata kama siku hizi mnaweka mabomba ya chuma.

Na chokaa, ndugu zangu, lazima izimwe. Unaitia maji, inachemka, inatulia, unaiacha ipoe hasira zake zote. Mzee Ligola alijifunza hilo kwa miguu ya watu wengine. Siku moja ujanani mwake alihimizwa amalize haraka, akamwaga chokaa ambayo haijazimwa vizuri, na wachezaji wa Somanga walikuja kucheza pekupeku kama ilivyokuwa desturi. Jasho likakutana na chokaa. Walishinda mechi, lakini walirudi kwao wakitembea kwa visigino, na tangu hapo kila timu ya Somanga ikifika Kilwa, nahodha analamba kidole, anainama, anagusa mstari kwanza, ndipo anasalimiana na watu. Niliikuta desturi hiyo na nikaiacha, na wachezaji wenyewe hawakujua tena ilianzia wapi.

Sasa turudi kwenye lile lililonipandisha hasira juzi. Liwali wetu aliita baraza, akatangaza kwamba Serikali inatafuta mji wa pwani ya kusini utakaopokea wachezaji wa Tanganyika, Unguja, Nyasa, na wa upande wa Mreno ng'ambo ya Ruvuma. Kulikuwa na mpira, mbio, kuruka, na kuvuta kamba. Miji iliyofikiriwa ilikuwa Lindi, Mtwara, na sisi Kilwa Kivinje. Karani akasoma masharti: pa kulala wageni, maji safi, hospitali, kiwanja chenye majani, jukwaa la kukalia wakubwa. Hilo la jukwaa alilisoma kwa sauti kubwa kuliko lile la maji. Mwisho akasema kwamba mji utakaopewa michezo, Serikali itautengenezea njia yake.

Aliposema njia, wote tulifikiri kitu kimoja, daraja. Kati ya mji na barabara kuu kulikuwa na korongo. Kiangazi mbuzi walilala ndani yake. Masika lilijaa ghafla, maji mekundu yanayobeba magogo, na likishajaa mji ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa. Hospitali ilikuwa upande wa mjini, na mashamba yetu ya mikorosho na muhogo yalikuwa upande wa pili. Mtu akiugua shambani masika, alisubiri maji yapungue, au alisubiri Mungu.

Mpwa wangu alisubiri hapo. Aliitwa Zuhura, mtoto pekee wa dada yangu Somoe. Jina hilo mnalijua kwa mtu mwingine, tutafika. Alishikwa na uchungu akiwa shambani, wakambeba kwa machela mpaka ukingoni, na maji yakawa yameshajaa. Paa la hospitali aliliona kwa macho yake. Dada yangu alisimama upande wa mjini, akawa anamwita, na binti anaitika, mpaka akaacha kuitika. Tulimzika yeye na mtoto wake pamoja. Bi Somoe hakulia mbele za watu. Alikaa eda ya moyo wake kimya, akatoka ni mtu mwingine, mtu asiyeogopa chochote kinachovaa kofia.

Kwa hiyo dada yangu, ambaye hakuwahi kutazama mpira maishani, ndiye aliyeitaka michezo ile kuliko sisi wote. Na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo watu wa Kilwa peke yao wangelifanya.

Enzi zile mji wetu ulikuwa umegawanywa na ngoma ya beni. Ilikuwa ngoma ya magwaride na tarumbeta, na kila upande ulikuwa na vyeo vyake kama jeshi. Upande wa juu ulikuwa na Jemadari, fundi cherehani mmoja mrefu aitwaye Mshamu. Upande wa chini Kwini wetu, yaani malkia, alikuwa Bi Somoe mwenyewe. Ukizaliwa upande huu ulikufa upande huu. Wao wakichinja ng'ombe mmoja, sisi wawili. Sisi tukivaa nyeupe, wao wanapaka hata mbuzi wao rangi. Vijana mnacheka, lakini hata ninyi na timu zenu hamjatofautiana sana.

Basi tukatoka barazani, kila upande ukiamini kwamba michezo imekabidhiwa kwake kuandaa. Kiwanja cha Boma kilikuwa upande wa juu, nao wakaanza kukifyeka. Upande wa chini wakasema haiwezekani mgeni akacheze kwa Mshamu, wakafyeka kiwanja kingine karibu na pwani. Bi Somoe akanijia kazini, akaniuliza mimi ni ndugu yake au ni ndugu wa kamba. Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa Boma. Akasema Boma halikunibeba mgongoni, yeye alinibeba. Mzee Ligola, ambaye si wa upande wowote kwa kuwa Mmwera alikuwa mtani wa mji mzima, alicheka mpaka akakaa chini. Tukavichora vyote viwili. Magoli manne ya boriti mpya, chokaa ya tanuri zima, na mawe ya majukwaa mawili yakarundikwa.

Kamati ilikuja kwa gari dogo. Mkubwa wao alikuwa Mwingereza tuliyemwita Bwana Miwani, pamoja na karani wake mkalimani, kijana wa bara mwenye Kiswahili cha kunyoosha. Walipofika penye kona ya msikiti walikutana na bendi mbili zinazopiga nyimbo mbili, na hakuna iliyokubali kupisha. Liwali alikuwa akipunga mikono katikati kama mtu anayefukuza nyuki.

Kwetu mgeni haonyeshwi kazi kabla hajala. Na mgeni akila kwa huyu akakataa kwa yule, ametangaza yu upande wa nani. Wakapelekwa kwa Mshamu wakala wali na samaki wa kupaka na mkate wa sinia. Wakapelekwa kwa Bi Somoe wakala wali na samaki wa kupaka na mkate wa sinia, na pweza juu yake, ili ijulikane. Walipofikishwa viwanjani Bwana Miwani alishindwa kuinama kugusa majani. Akauliza kiwanja ni kipi kati ya hivi viwili. Mshamu akasema kile, Bi Somoe akasema hiki. Bwana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaandika. Mzee Ligola akaninong'oneza kwamba mtu akifuta miwani hivyo, amekwisha kuona.

Halafu, Mungu si Athumani, mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua ya mwisho ya masika, ile ambayo huja kuaga. Gari lilipofika korongoni lilikuta maji mekundu, likarudi. Bwana Miwani akalala kwa Liwali siku ya kwanza, akalala siku ya pili, anakula upande wa juu mchana na upande wa chini jioni, kwa haki. Ninakiri alikuwa mtu mwungwana. Watoto walimwamkia shikamoo naye akajifunza kusema marahaba, ingawa aliwaambia hivyo hivyo na wazee.

Siku ya tatu asubuhi tulikuwa tumekaa kwa Liwali. Bi Somoe aliingia na buibui lake, amebeba jembe. Akaamkia wazee kama ipasavyo, akamwendea Bwana Miwani, akamwekea jembe magotini. Liwali akawa rangi ya majivu. Karani wa bara akashindwa kutafsiri, si kwa kukosa maneno bali kwa kuogopa kibarua chake.

"Mwambie," Bi Somoe akasema. "Kwetu mgeni ni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe."

Karani akatafsiri akiangalia sakafu. Bwana Miwani akalitazama jembe, akamtazama dada yangu, akacheka. Akasimama akalitia begani, wakatoka. Mji mzima ulikuwa korongoni, kama kila mwisho wa masika, tukizoa mawe na kuyatia kivukoni ili maji yakipungua gari lipite. Akafanya kazi nasi mpaka viganja vikachubuka, na watu wakampenda, sitaki kudanganya. Hata Mshamu alimpa kanga ya mkewe ajifunge kichwani, jua lilikuwa kali.

Mchana Bi Somoe akamwita pembeni ya maji, na mimi na karani tukafuata. Akamwonyesha upande wa pili, mahali palipokuwa na mti mdogo wa mkwaju. Akamweleza aliyelazwa chini ya mti ule, na alivyoitika, na alivyoacha kuitika. Bwana Miwani akavua ile kanga kichwani, akasimama nayo mkononi. Kisha akasema kweli yake, na nitaisema kama karani alivyoitafsiri. Alisema mji wetu ni wa watu wema kuliko yote aliyoikagua. Lakini atawaletaje wachezaji wa nchi nne mahali ambapo yeye mwenyewe amefungiwa? Itambidi aandike hivyo.

Bi Somoe alimsikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Kwa hiyo mwenye daraja ndiye atakayepewa daraja?"

Karani alitafsiri, na Bwana Miwani akajifunga tena kanga, akarudi kwenye mawe. Sikumlaumu. Nimelirudia swali hilo miaka yote hii na sijampata aliyelijibu, pamoja na huyo mtangazaji wenu wa redio.

Michezo ilikwenda Mtwara. Walikuwa na bandari mpya, taa za umeme, na nyumba mpya za kulaza wageni. Sina ugomvi na Mtwara, mji haukujichagua. Lindi nao walinyimwa, na rafiki yangu mmoja wa huko aliniambia walipaka nyumba chokaa barabara yote itakayopitiwa na kamati, lakini upande wa mbele tu, na mwisho wake usawa wa dirisha la gari. Nilipohamia huku nikakuta alama bado zipo, nikacheka peke yangu njiani. Basi jueni hivyo: mara nyingi mji unaochaguliwa ni ule ambao ungeishi vizuri hata usingechaguliwa, na ule unaohitaji ndio unaoambiwa hauko tayari. Ukishalijua hilo una njia mbili. Unaweza kununa. Sisi tulinuna, tena vizuri sana, kama wiki mbili hivi.

Upande wa juu wakasema tumenyimwa kwa sababu ya kiwanja cha Bi Somoe. Upande wa chini wakasema ni kwa sababu ya wali wa Mshamu, ulikuwa mbichi. Karibu watu wapigane sokoni. Mimi nilikuwa na hasira isiyo na pa kwenda. Nilikwenda kuvitazama viwanja vyangu viwili, mistari inang'aa, magoli manne yanamsubiri mtu asiyekuja, na nilijisikia kama bwana harusi aliyeachwa na sinia la wali.

Mzee Ligola ndiye aliyesema, tukinywa kahawa kwenye kibaraza cha soko, na alisema kama mtu anayejisemea. Alisema anaona boriti nane ndefu za mikoko zimesimama bure. Anaona mawe ya majukwaa mawili ambayo hayana wa kuyakalia. Anaona na chokaa ya tanuri zima, imeshazimwa. Kisha akanywa kahawa. Mshamu alikuwepo, na Bi Somoe alikuwa akipita na kapu lake, akasimama.

"Salumu," akaniambia mimi, lakini akimtazama Mshamu, "nenda kang'oe magoli."

Mshamu akaweka kikombe chini. Kisha akasema yale ya upande wa juu atayang'oa mwenyewe, asije mtu wa chini kuyagusa. Hapo nikajua daraja litajengwa, kwa sababu mashindano yalikuwa yameanza.

Kulikuwa na shida moja. Kujenga kwenye njia ya Serikali bila amri ya Serikali kulikuwa kosa, na Liwali aliapa kwamba hajasikia wala hajaona. Lakini kupiga ngoma kuliruhusiwa, ukiomba ruhusa. Mshamu akaomba ruhusa ya ngoma ya beni, pande zote mbili, mahali ni korongoni, muda ni kiangazi chote. Boma likakubali, wakafurahi hata, kwamba watu wamesahau michezo. Kila asubuhi tulitoka mjini kwa magwaride, tarumbeta mbele, na nyuma yake mabegi ya mawe yamefunikwa mikeka. Siku askari alipokuja kuuliza mnajenga nini hapa, ngoma zililia kwa pamoja na watu wakacheza na mawe kichwani. Alikaa juani akatazama hadi mwisho. Siku iliyofuata ilikuwa zamu yake ya mapumziko, na alikuja na shoka.

Upande wa juu walianzia ukingo wa mjini, upande wa chini ukingo wa mashambani, chini ya ule mkwaju. Bi Somoe ndiye aliyetaka kuanzia hapo, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Walijenga wakipigiana vijembe kwa nyimbo. Huku wakiimba kwamba cherehani haijui jiwe, kule wanajibu kwamba Kwini amekalia tofali akidhani kiti. Mimi na kamba yangu yenye mafundo nilikuwa nikivuka huku na huku, kwa kuwa nusu mbili zisipotazamana daraja halikutani, na kila upande ulinishuku kwamba naupendelea mwingine. Nguzo ya katikati hakuna upande uliokubali ijengwe na mwenzake. Mzee Ligola akaijenga peke yake, akisema mtani ndiye anayezika na mtani ndiye anayesimamisha. Alikuwa mzee kwa wakati ule. Nilimwona jioni anashindwa kukunja vidole, na asubuhi yupo.

Boriti za goli zikalazwa, mbili mbili, zikaunganishwa na magogo ya mvule kutoka bara. Ukipita juu yake ungeziona bado zina chokaa tuliyozipaka ili kipa azione. Nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote ya mpira.

Mji wenye daraja hauwezi kufichwa, na habari zikalifikia Boma. Nadhani walikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kutushtaki au kutupongeza, na la pili lina picha nzuri zaidi. Wakatangaza siku ya kulifungua rasmi. Bwana Shauri wa wilaya atakuja na Bwana Miwani pia, na mtu yeyote asipite kabla. Liwali, ambaye sasa alikuwa amesikia na ameona, alitafuta utepe akakosa. Akachukua kamba yangu, kamba ya mafundo niliyopewa na Mzee Ligola, akaifunga vitambaa vyekundu, akaivuta mlangoni mwa daraja upande wa mkwaju, watakakofikia wageni, akaweka na mlinzi.

Asubuhi ya siku moja kabla, mvua za vuli zilinyesha na korongo likajaa. Mkwe wa Mshamu, mke wa mwanawe, alikuwa shambani, na akashikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Walimbeba kwa machela mpaka chini ya mkwaju, wakakuta kamba na mlinzi, na mlinzi akasema amri ni amri. Bi Somoe alikuwa hapo, ametoka shambani na mboga zake kama kila siku. Mtu wa upande wa juu, mke wa mtoto wa Jemadari, na katika maisha yote yale dada yangu hakuwa amemsalimia. Akatoa kisu cha mboga kapuni, akaikata kamba yangu katikati ya mafundo, wala hakumtazama mlinzi. Akashika machela mbele. Maji yalikuwa yakipita chini yao mekundu, na wao juu wanatembea.

Kesho yake wakubwa wakaja, bendi mbili zikapiga wimbo mmoja, tulikuwa tumepatana wimbo. Bwana Shauri alikuwa na mkasi kwenye mto mdogo wa hariri. Akafika mlangoni mwa daraja akakuta vipande viwili vya kamba vimelala matopeni. Liwali akaanza kueleza, akakwama. Bi Somoe akasogea.

"Limekwisha kufunguliwa, Bwana," akasema. "Jana. Amelifungua aliyekuwa na haja nalo."

Bwana Shauri alimgeukia Bwana Miwani, ambaye alikuwa akiitazama boriti yenye chokaa. Nadhani aliitambua. Bwana Miwani akauchukua ule mkasi, akautia mfukoni mwake, akavua kofia, akapita darajani kwa miguu mpaka upande wa mjini, akarudi penye mkwaju. Sisi wengine tukamfuata, juu na chini pamoja. Hotuba iliyoandikwa haikusomwa.

Kamba yangu niliiunga kwa fundo moja zaidi, na kona zangu zikaanza kukataa, ikabidi nisuke nyingine. Ile ya zamani ndiyo iliyotundikwa pale juu ya mlango, mnayoiuliza kila sikukuu ni ya kufungia nini.

Mtoto alikuwa wa kike, na mama yake alipona. Jemadari Mshamu alivaa koti lake la gwaride, akashuka kwa miguu mpaka upande wa chini, ambako hakuwahi kukanyaga isipokuwa mazikoni, akamwomba Kwini ampe mjukuu wake jina. Dada yangu alikaa kitako akalia, hapo ndipo alipolia, mbele ya watu wote. Kisha akampa jina la Zuhura. Miaka ilipopita, mwanangu akaenda kumposa upande wa juu, na hakuna aliyethubutu kutunyima.

Huyo ndiye anayewaita sasa hivi mkale, nasikia sauti yake uani. Zimeni redio mwende. Mkimaliza kula mrudi hapa barazani, mniambie tena mji bora ni upi.